Heko kwa Kanuni za Kudumu

Diwani wa Kalemela haendi Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, na sauti yake tu. Anakwenda na Kanuni za Kudumu za Halmashauri. Kitabu hicho hakina mvuto wa kusomwa kitandani, lakini kinastahili pongezi.

Tazama kikao cha Baraza la Madiwani. Akidi huhesabiwa kwanza. Muhtasari wa kikao kilichopita husomwa, husahihishwa na kuthibitishwa, kisha yanafuata yatokanayo. Hapo ndipo ahadi ya zahanati au barabara hurudi mezani: imefikia wapi? Anayetaka kusema husimama na kuelekeza maneno yake kwa Mwenyekiti, hata kama hasira yake ni kwa jirani yake wa kiti. Mwenye maslahi katika zabuni hutakiwa kuyatamka. Mkurugenzi, pamoja na ukubwa wote wa ofisi yake, hapo ni katibu, hapigi kura.

Utaratibu huohuo hushuka hadi kijijini. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji wajumbe kati ya 15 na 25, na katika mkutano mkuu kila mkazi mtu mzima ana nafasi.

Bila kanuni, mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda. Basi mwananchi, vikao vya Baraza viko wazi kwako. Nenda ukakae, usikilize, kisha umuulize diwani wako yatokanayo.