Neno "Mafuta" katika Istilahi za Injini

Watunga istilahi wetu wamezoea kuilaumu lugha ya gereji kuwa ni ya ovyo. Yafaa lawama hiyo ipimwe kwa mfano mmoja mgumu: uigaji, kwa kompyuta, wa mwendo wa gesi na viowevu kandokando ya ringi za pistoni.

Pistoni haiuzibi ukuta wa silinda barabara. Kazi hiyo hufanywa na ringi, ambazo tangu zama za John Ramsbottom, miaka ya 1850, hukatwa mahali pamoja ili zitanuke. Mkato huo ni mlango. Gesi ya mwako husukumwa kupita hapo ikashuka hadi kwenye sampu. Oili, kinyume chake, hupanda ikaungua juu ya pistoni, na moshi ukawa wa buluu. Petroli au dizeli isiyoungua huteremka ukutani, ikachanganyika na oili na kuipunguzia mnato, hata beringi zikasagika. Mwenye kuandika milinganyo ya uigaji hana budi kuvitenganisha vitu hivi vitatu.

Sasa tumwandikie mwanafunzi: "Mafuta huvuja kupitia ringi." Mafuta yapi? Yanapanda au yanashuka? Sentensi ni sanifu kabisa, na haimfai kitu. Twaliogopa neno "oili" kwa kuwa ni la mkopo, kana kwamba "dizeli" lilizaliwa Pate!

Mundika, kwenye barabara iendayo mpakani Busia, fundi hana anasa hiyo. Dereva wa lori aweza kuwa Mkenya, Mganda au Mnyarwanda, na kosa la neno moja ni injini iliyofunguliwa bure. "Gari inakula oili": upatanisho utatukunja uso, lakini kiowevu kimetajwa na njia yake pia, kwani kiliwacho huingia ndani, hakidondoki chini. Na katika injini ya petroli, oili kidogo ikitiwa kupitia tundu la plagi na mgandamizo ukapanda, ringi ndizo zilizochakaa. Usipopanda, zitazamwe vali. Jaribu kulieleza jaribio hilo kwa neno "mafuta" peke yake.

Napendekeza basi "oili" iingizwe katika orodha zetu bila kuombewa radhi, na "mafuta" libaki jina la jumla. Gesi ishukayo nayo yahitaji kitenzi chake. "Kupenya" chafaa, "kuvuja" kiachiwe kile kimwagikacho nje ya injini.