Mashine Kongwe ya Mchezo

Kitu hakiwi kizuri kwa kuwa ni kipya, wala hakiwi kibaya kwa kuwa kimepitwa na wakati. Hapa Kimulot, baina ya mashamba ya chai ya Konoin, mashine ya mchezo wa televisheni yaweza kufika miaka mingi baada ya sifa zake kuzimika mijini. Kijana huipokea kwa kicheko, maana picha zake ni za vipande vya mraba na sauti yake ni kama ya filimbi. Yafaa tuipime kabla ya kuicheka.

Mashine ninayoitaja ni Family Computer ya kampuni ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka 1983 na kukoma kutengenezwa mwaka 2003. Nakala zake za bei nafuu, zisizo na idhini ya kampuni, zilienea katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Mchezo wake mashuhuri, Super Mario Bros., ulitungwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka mwaka 1985. Wote ulitiwa katika kaseti yenye nafasi ya kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu ya leo aghalabu huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Dhiki ikazaa busara. Wingu na kichaka ni mchoro mmoja: ukitiwa rangi nyeupe huwa wingu, ukitiwa kijani huwa kichaka.

Sifa yake kubwa zaidi ni ualimu. Mchezaji huanza upande wa kushoto, na njia imefunguka kulia, basi hujua pa kwenda. Adui mmoja humjia polepole. Akigongana naye hufa. Akimrukia kichwani humshinda. Somo hilo hutolewa bila neno hata moja kuandikwa, na mtoto asiyejua kusoma hulifahamu. Walimu wengi tungetamani kufundisha hivyo.

Lakini mhakiki hafichi kasoro. Binti mfalme ametiwa katika hadithi ili angoje tu kuokolewa. Hana tendo lolote la kujisaidia. Tena safari haiwekwi akiba: umeme ukikatika, jitihada yote hupotea, na mchezaji hurudi mwanzo.

Mchumaji wa chai ajuaye kazi yake hutafuta majani mawili na kichipukizi. Kapu lililojaa majani makukuu halimpatii sifa. Na sanaa ipimwe vivyo hivyo. Walioipokea mashine hii kwanza waliipima katikati ya kelele za soko. Aliyeipokea mwisho anaweza kuipima kwa utulivu, na hiyo ni faida ya kuchelewa. Kwa hiyo, msomaji kijana, kitu cha kale kikikufikia, kiulize maswali mawili: kilipewa nini, na kilifanya nini kwa hicho kilichopewa?