Mkono Unaojua Kuacha

Mfupa uliovunjika huunga. Ngozi iliyochanika hujifunga, na miaka ikipita huenda mwenyewe asikumbuke ulikuwa mguu upi. Jino halina bahati hiyo. Chembe hai zinazojenga enameli, gamba la nje la jino, huwa zimekwisha kufa jino linapochomoza, kwa hiyo kipande kitakachoondolewa leo hakitaota tena, hata mgonjwa aishi miaka 100. Ndiyo sababu kila kilichomo katika chumba cha daktari wa meno, tangu taa iliyo juu ya kiti hadi kompresa inayonguruma nyuma ya ukuta, mimi hukipima kwa swali moja: kinamsaidia daktari kuondoa kidogo zaidi?

Nianze na mashine ya kutobolea, maana ndiyo inayoogopwa. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya mashine iliyozungushwa kwa kukanyagwa, kama cherehani. Mwaka 1957 ikaingia sokoni turbini ya John Borden, inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ikizunguka karibu mara 300,000 kwa dakika; za siku hizi hufika 400,000. Kwa kasi hiyo enameli, ambayo hakuna kitu kigumu kuishinda katika mwili wa binadamu, hukatika bila kusukumwa. Hapo ndipo penye hatari. Joto la msuguano linaweza kuua kiini cha jino, na kwa hiyo maji hunyunyizwa muda wote mashine inapokata. Na kinachokatika upesi hukatika hata pasipotakiwa.

Mtazame basi daktari hodari akiwa kazini. Kidole chake cha pete hukiegemeza kwenye jino la jirani, ili mgonjwa akishtuka, mkono na taya visogee pamoja. Hasukumi. Anagusa na kuinua, anagusa na kuinua. Akishavuka enameli na kukaribia kiini, huiweka turbini kando akachukua mashine ya mwendo wa polepole, au kijiko kidogo cha chuma, kwa sababu katika kasi ile kubwa vidole havitambui tofauti kati ya dentini (tabaka lililo chini ya enameli) iliyooza na iliyo nzima. Kijiko kinatambua. Iliyooza hutoka laini, yenye unyevu. Iliyo nzima hukataa, ikatoa mkwaruzo mkavu unaomwambia asimame. Mapema kabisa alishamwambia mgonjwa wake, "Mama, ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto," na ingawa macho yake yamo kinywani, mkono ule hajausahau.

Kusimama huku hakukuwa sheria ya kazi siku zote. G. V. Black, mwalimu mkubwa wa fani hii mwishoni mwa karne ya 19, alifundisha tundu lipanuliwe mpaka sehemu zisizo na ugonjwa. Hakuwa mzembe. Dawa ya kuzibia aliyokuwa nayo, ile ya zebaki na fedha, haishikamani na jino. Ilibidi ichimbiwe shimo pana chini kuliko mdomoni ili isichomoke. Mabadiliko yalikuja mwaka 1955, pale Michael Buonocore alipoonyesha kwamba tindikali ya fosforasi ikipakwa kwa sekunde chache huiparuza enameli kiasi cha kuifanya ishikwe na utomvu wa kutengenezwa. Kwangu ugunduzi huu una thamani kuliko turbini. Tangu hapo tundu linaweza kubaki na umbo la ugonjwa wenyewe, likazibwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2 hivi, kila moja ikigandishwa kwa taa ya bluu. Wagonjwa huistaajabia taa ile. Ustadi zaidi umo katika kukausha: tone moja la mate likiingia wakati wa kugandisha, kizibo hakitadumu, na ndiyo maana daktari makini hutandaza kipande cha mpira kuzunguka jino kabla ya kuanza.

Eksirei nayo ina historia ninayoiheshimu. Röntgen aliigundua Novemba 1895. Januari 1896 Otto Walkhoff wa Ujerumani alikwisha kupiga picha ya meno yake mwenyewe, akikaa mbele ya mionzi dakika 25. Leo picha huchukua sehemu ndogo ya sekunde na kutokea kwenye skrini mgonjwa akiwa bado kitini. Katikati ya siku zile na hizi yupo Edmund Kells wa New Orleans, aliyeungua kwa mionzi akiwatafutia wenzake njia ya kuitumia, akakatwa vidole, kisha mkono. Hata hivyo picha haijisomi. Uozo unaoonekana hapo kwa kawaida ni mdogo kuliko ulivyo ndani ya jino, na daktari anayelijua hilo anajua pia doa lipi libaki bila kuguswa, lipakwe floridi na kutazamwa tena baada ya miezi kadhaa.

Kompyuta zinazochonga kofia ya jino mgonjwa akisubiri, zilizoanzia Zurich mwaka 1985, ni nzuri na zinaokoa muda. Lakini hatua ninayoipenda kuliko zote ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walifanya kazi Tanzania penye wagonjwa wengi na umeme haba. Wakaacha mashine kabisa: vyombo vya mkono vya kufungulia tundu na kukwangua uozo laini, kisha kuziba kwa glasi ayonoma, saruji inayoshikamana na jino na kuachia floridi. Bakteria wanaobaki chini yake hukosa sukari. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo, na mwaka 2021 likaiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo zahanati isiyo na kompresa wala turbini bado inaweza kuziba. Ikiwa na mtu aliyefundishwa vizuri, vijiko vilivyonolewa, sufuria ya mvuke ya kutakasia na unga wa saruji ile, haina sababu ya kumpokea mtoto mwenye tundu dogo na kumrudisha nyumbani na pengo.