Istilahi za Leseni za Wafamasia na Mipaka ya Kazi

Mnunuzi wa dawa pale Milanzi, mjini Sumbawanga, humwita "daktari" yeyote aliye nyuma ya meza ya duka. Hayo ni maneno ya heshima, nasi hatuyalaumu. Tunaloona kuwa na kasoro ni lugha ya maandishi rasmi, ambayo ndiyo ingepaswa kumwondolea mnunuzi huyo utata.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, iliyotungwa kwa Kiingereza, inatenga ngazi tatu: mfamasia, fundi dawa sanifu na msaidizi wa dawa. Kila ngazi ina daftari lake na kitenzi chake. Katika Kiswahili cha ofisini, hata hivyo, wote watatu husemwa kuwa "wamesajiliwa". Kwa hiyo tofauti iliyowekwa na sheria hupotea mikononi mwa mfasiri. Twapendekeza mfamasia asajiliwe, fundi dawa sanifu aandikishwe, na msaidizi aorodheshwe. Huenda ikasemwa kwamba kusajili na kuandikisha ni neno moja. Katika mazungumzo ni kweli. Lakini kazi ya istilahi ni kutenga yale ambayo mazungumzo huyachanganya.

Neno "leseni" nalo limetwishwa mzigo mkubwa mno, maana hutumika kwa mtu na kwa biashara pia. Leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani haithibitishi utaalamu wa aliye zamu. Afadhali tuseme "leseni ya taaluma" kwa mtu, na "kibali cha biashara ya dawa" kwa duka.

Tukumbuke pia "duka la dawa baridi", lililotokana na sheria ya mwaka 1978. Jina lile lilitaja mpaka: dawa zihitajizo cheti cha daktari hazikuruhusiwa humo. "Duka la dawa muhimu", lililoanzia Ruvuma mwaka 2003, linaruhusiwa kuuza baadhi tu ya dawa hizo, lakini neno "muhimu" halimwambii mnunuzi ni zipi wala kikomo chake ni wapi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria nchini Tanzania. Watafsiri, hatuna budi kuafikiana juu ya maneno haya kabla hayajapigwa chapa. Yakishazoeleka katika fomu na vyeti, kuyang'oa itakuwa kazi ngumu, na atakayedhurika ni mgonjwa.