Moto wa Dakika, Kamba ya Siku

Mzizi wa galool uliochimbwa asubuhi unafaa kukunjwa siku hiyo hiyo. Ukiachwa ukakauka, moto utaunguza nje kabla haujalainisha ndani, na anayeulazimisha ataukata. Mwanamke wa Kisomali anayeandaa miti ya nyumba yake huko Garissa, Wajir au Mandera hakufundishwa hilo darasani. Alilipata akiwa mtoto, kwa kuchuchumaa kando ya makaa na kutazama mikono ya mama na ya bibi. Naandika kuisifu mikono hiyo, na hasa kipande kimoja cha kazi yake ambacho wapita njia hawakitazami: jinsi joto linavyougeuza mti ulionyooka ukawa upinde, na ukabaki upinde.

Galool ni mmoja wa migunga ya nchi kavu, kuanzia Somalia na Ethiopia hadi kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mizizi yake ya pembeni hutambaa mbali chini ya mchanga, mirefu, myembamba, yenye unene unaokaribia kulingana mwanzo hadi mwisho, bila vifundo vingi kama matawi. Kifundo ni adui wa mkunjaji. Nyuzi za mti hupindia pembeni kukikwepa, na ufa ukija huanzia hapo. Pasipo na galool hutumika fito nyingine za porini, kama mkole, lakini wenye uzoefu bado huulizia mzizi.

Nyumba yenyewe Wasomali huiita aqal. Wakenya wengi wa kaskazini wanaijua kama herio. Ni kuba la miti iliyokunjwa, ambayo kwa Kisomali ni dhigo, lililofungwa kwa kamba na kufunikwa kwa mikeka ya nyasi na ya nyuzi za magome. Msumari haumo. Wanawake ndio wajenzi na ndio wenye nyumba: binti akiolewa, mama yake na jamaa zake wa kike huwa wameshughulika muda mrefu wakisuka mikeka na kutayarisha miti. Siku ya kuhama, wao ndio wanaoibomoa na kuipakia. Dhigo hupangwa mgongoni mwa ngamia, mikunjo ikainuka juu ya mzigo, na chini ya mikunjo hiyo hukalishwa watoto wadogo, wana wa mbuzi, au mgonjwa asiyeweza kutembea. Labelle Prussin, Mmarekani aliyechapisha kitabu kizima juu ya usanifu wa wahamaji wa Afrika mwaka 1995, alilikazania sana jambo hili: miti ya nyumba na miti ya safari ni ile ile. Kwa fundi maana yake ni kwamba mkunjo mmoja una mitihani miwili. Ukikosewa, paa litabonyea mvua ikinyesha, na siku ya kuhama mzigo utamwelemea ngamia upande mmoja.

Sasa tuisogelee kazi. Moto si lazima uwe mkubwa, na mwali ni hasara tupu. Kinachotakiwa ni makaa yaliyotulia na majivu ya moto. Mzizi ulioambuliwa gome hulazwa humo, ile sehemu itakayokunjwa tu, ukawa unageuzwa usikae upande mmoja. Baada ya muda ncha iliyokatwa huanza kutoa povu na kufoka kwa sauti ndogo. Ni maji ya mti yaliyochemka ndani yakitafuta mlango. Bado. Mkono uliozoea husubiri kidogo tena, kisha huunyanyua mzizi na kuujaribu gotini. Ukirejea kwa nguvu, hurudishwa majivuni. Ukiwa mzito kurejea, kazi imeanza, na hapo hakuna mazungumzo, maana mti mwembamba hupoa upesi. Hukunjwa kuanzia katikati, kidogo kidogo, viganja vikisogea kuelekea nchani, na sikio nalo liko kazini. Mti huonya kabla ya kupasuka: hutoa mlio mwembamba, mara nyingi mmoja tu. Ukisikika, mikono husimama pale pale. Haisukumi wala hairudishi. Husubiri nyuzi zikae sawa, ndipo iendelee.

Baada ya hapo huja sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, nayo haina cha kutazama. Ncha mbili hufungwa kwa kamba, au mzizi mzima hubanwa kati ya vigingi vilivyopigwa ardhini, ukaachwa. Unaachwa siku, si saa. Mbuzi wafukuzwe, watoto wakatazwe kuukalia, na mwenye kazi mwenyewe ajizuie kuugusa. Anayefungua kamba mapema huadhibiwa mbele ya macho yake: mti hujinyoosha, ukarudi nusu ya njia, na jitihada yote ya makaa ikawa bure.

Sababu za haya yote zinajulikana vizuri. Nyuzi za mti zimeshikanishwa na lignini, gundi ambayo mti hujitengenezea wenyewe. Ikiwa na unyevu, gundi hiyo hulegea kwenye joto la karibu digrii 80 hadi 100 za Selsiasi. Ikiwa kavu, huhitaji joto kubwa zaidi, na kabla hujafika huko mti umeshaanza kuungua. Kwa hiyo haraka ya kukunja mzizi ungali mbichi ina msingi. Gundi ikilegea, nyuzi huteleza na kupata mkao mpya. Ikipoa na unyevu ukatoka, hushika tena palepale ilipokutwa. Jua la Garissa, ambalo mchana hupita digrii 35 bila kumwomba mtu ruhusa, halitoshi kabisa kukunja kitu, lakini kwa kukausha kilichokwisha kukunjwa halina mpinzani.

Kuna jambo jingine ambalo mkono wa mkunjaji unalijua hata kama hauna hesabu yake. Upande wa ndani wa mkunjo hubanwa, na mti uliolainishwa huvumilia kubanwa sana. Upande wa nje huvutwa, na huo hauna uvumilivu: hata mti uliolainika vizuri hurefuka asilimia 1 au 2 tu kabla ya kukatika. Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyehamia Vienna, alisumbuka na tatizo hilo hilo katika miaka ya 1850. Dawa yake ilikuwa kufunga ukanda wa chuma upande wa nje wa ufito uliotoka kwenye mvuke, ili ukanda ndio ubebe mvuto na mti ubanwe tu. Kiti chake nambari 14, cha mwaka 1859, kiliuzwa kwa mamilioni na kikajaza mikahawa ya Ulaya. Mwanamke wa Garissa hana ukanda wa chuma. Ana uchaguzi wa mzizi usio na kifundo, ana viganja vinavyougawa mkunjo usielemee mahali pamoja, na ana lile sikio.

Mbali kabisa na jangwa wapo watu wanaoishi na fumbo hilo hilo: wale wanaojitengenezea nyumbani fimbo za kuvulia samaki. Kwetu, mvuvi wa Mto Tana hutosheka na mshipi, ndoano, na pengine ufito aliokata ukingoni. Ulaya na Marekani shughuli hii ina wapenzi wake wasiolala. Fimbo za zamani zilikuwa za mianzi ya Tonkin kutoka kusini mwa China. Mwanzi hupasuliwa, vifundo vyake hunyooshwa juu ya moto mdogo wa taa ya spiriti, vipande huingizwa kwenye oveni vikauke hadi viwe vigumu, kisha vipande 6 hugundishwa pamoja vikawa fimbo moja ya pembe sita. Ukiisoma kazi hiyo kwa makini utamwona ayeeyo, yaani bibi, wa Garissa ndani yake, ila yeye anakunja na wale wananyoosha.

Fimbo za siku hizi ni za nyuzi za kaboni, ambazo ziliingia madukani miaka ya 1970, na hizo hazikunjiki kwa moto wowote. Gundi yake ikishaganda mara ya kwanza hailegei tena. Ukizidisha joto unaiharibu. Hivyo joto limebakiziwa kazi ndogo ndogo. Pete ya nchani hubandikwa kwa gundi ya kuyeyushwa, ili siku ikivunjika ipashwe kidogo na kuchomoka bila kuidhuru fimbo. Uzi unaofunga pete nyingine hupakwa epoksi, na mwali mdogo hupitishwa chini yake upesi ili mapovu ya hewa yapande na kupasuka. Ukichelewesha mwali sekunde chache tu, epoksi inachemka na mapovu yanaongezeka badala ya kuisha. Kisha fimbo huzungushwa polepole na mota ndogo, kama mshikaki juu ya jiko, kwa saa nyingi, ili epoksi isichuruzikie upande mmoja kabla ya kushika. Anayeanza hukimbilia kununua mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kwa maoni yangu angeanza na ile mota.

Moto wa kazi hizi zote ni wa dakika chache, na kila mtu anaweza kuwasha moto. Ufundi uko kwenye kushikilia baada ya moto.

Jirani zetu wa Lamu walipita njia nyingine. Fundi wa majahazi wa Matondoni akitaka mataruma, yaani mbavu za chombo, huenda kutafuta mti ambao tayari umejipinda wenyewe kwa kiasi anachokitaka. Ni busara kubwa, kwa kuwa nyuzi za tawi lililoota limepinda zimefuata mkunjo, na nguvu yake ni ya kuzaliwa nayo. Lakini taruma likishapigiliwa halitoki tena. Dhigo hufunguliwa na kufungwa kila mvua ikihamia kwingine, na lazima zifanane ili zikae juu ya ngamia na zikae juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Huwezi kungoja msitu ukupe seti nzima.

Wanaume nao wana moto wao, ingawa wa kiasi. Bakora ya mzee wa Garissa, ile anayoitundika mkononi akinywa chai, kichwa chake hukunjwa kwa joto vile vile. Na fimbo ya mchungaji iliyonyooka kupita kiasi kwa kawaida haikuota hivyo. Hupashwa palipo na kombo, hubanwa kwenye panda ya mti, na huvutwa kupita kidogo ule mstari ulionyooka, kwa sababu ikiachiliwa itarudi kidogo. Kiasi cha kupitisha hakina kipimo kinachoweza kuandikwa. Hutegemea mti, unene, na ubichi wake. Hangool peke yake ndiyo haina haja ya makaa: ni fimbo yenye ndoano upande mmoja na panda upande wa pili, ya kuvuta na kusukuma matawi ya miiba ya zizi, na umbo lake hutafutwa porini.

Mambo yamebadilika, na sitajifanya sioni. Galool ina bahati mbaya ya kutoa makaa mazuri mno. Kusini mwa Somalia ilikatwa na kuchomwa kwa wingi kiasi kwamba Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka nchi hiyo. Upande wa Kenya, ukame ulioanza 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Familia iliyobaki bila ngamia wa kubeba haina sababu ya kuwa na nyumba ya kubebwa. Husogea karibu na barabara na visima, na kwenye bulla, yaani mitaa, za Garissa mabati yanaongezeka. Bati halina lawama kwa mvua. Kwa joto la saa nane mchana, aliyewahi kukaa chini yake na aliyekaa chini ya mkeka hawahitaji kushawishiwa na mtu.

Hata hivyo ujuzi huu haujafa. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, wanawake waliofika mikono mitupu walikata fito, wakazikunja, wakazifunga kwa matambara, wakafunika kwa maturubai ya misaada. Kuba lilikuwa lile lile. Mkeka ndio uliobadilika. Na kando ya Tana, kwenye mashamba ya vitunguu na matikiti, utamkuta kijana anapasha mdomo wa bomba la plastiki juu ya karatasi inayowaka, anauzungusha, anausukuma juu ya bomba jingine, kisha anatulia ameushika. Akiachia kabla haujapoa, kesho maji yatavujia njiani na shamba litakaa na kiu. Sijui kama anajua kwamba nyanya yake angemkosoa kuhusu moto wake, kwa kuwa ni mkali mno.

Garissa ina chuo cha ufundi cha ngazi ya kitaifa, North Eastern National Polytechnic, na Kenya ina utaratibu wa kumtambua na kumpa cheti mtu aliyepata ujuzi wake nje ya darasa. Vitu hivi viwili vinaweza kukutanishwa. Aitwe mama mmoja anayekunja dhigo, aletewe mizizi mibichi na makaa, apewe wanafunzi wa ujenzi na useremala kwa muhula mmoja, na alipwe mshahara wa mwalimu. Posho ya mgeni wa heshima haitoshi.