Je, Kibaya Ndicho Kijitembezacho? Juu ya Albamu za Bure na Jina la Mtungaji

Miongoni mwa methali zitumiwazo sana katika kuhukumu kazi za sanaa iko ile isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa asili yake methali hii ni ya sokoni, na huko sokoni ina ukweli wake. Lakini imetoka sokoni ikaingia katika muziki, nako imezaa dhana ambayo haijapimwa sawasawa: kwamba albamu inayotolewa bure na mwanamuziki asiyevuma haina budi kuwa duni, maana lau ingekuwa njema ingalinunuliwa. Makusudi ya makala haya ni kuipima dhana hiyo. Mizani iliyochaguliwa ni Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, ambako nyimbo nyingi humfikia msikilizaji bila ya kupita katika duka lolote la muziki.

Kwanza yafaa neno "bure" lifafanuliwe, kwa kuwa hutumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana. Iko albamu ambayo mtungaji mwenyewe, asiye chini ya kampuni yoyote, ameiweka katika mtandao kwa hiari yake ili kila apendaye aipakue. Iko albamu ambayo msikilizaji haitoi senti, lakini tangazo la biashara limelipa kwa niaba yake. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi. Na iko albamu iliyochukuliwa tu, mtungaji wake asiulizwe wala asiarifiwe. Ya kwanza ni hidaya, ya pili ni biashara, ya tatu ni wizi. Msikilizaji aliyezipokea zote tatu katika simu moja hawezi kuzitofautisha kwa sikio, na kosa la wahakiki wengi limekuwa kuzihukumu zote kwa hukumu ya moja.

Wimbo wa bure si jambo geni kusini. Katika ngoma za Wamwera, Wayao na Wamakonde, iwe harusini, iwe katika jando au unyago, hapana mlango wa kulipia. Mwimbaji huimba uwanjani, na kila aliye jirani husikia. Hata hivyo hapana aliyepata kusema kwamba wimbo wa ngoma ni duni kwa sababu haukuuzwa. Sababu ni kwamba bure ile ilikuwa na desturi yake, nayo ni kutunza. Aliyefurahishwa huinuka, humwendea mwimbaji, humtuza fedha au kitambaa mbele ya watu, na watu huona nani katuza na nani katuzwa. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Na neno zito katika methali hiyo ni "kwao". Mchezaji hutunzwa kwa kuwa anajulikana ni nani na ni wa wapi. Kwa hiyo wimbo ulikuwa bure, lakini uliambatana na uso, jina na mahali. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa bei yake.

Nguvu ya jina inaonekana katika kisa cha zamani kilichotokea jirani na wilaya hizi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na nyanda za juu za Wamakonde akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Alinasa nyimbo za wenyeji na za wapagazi wake, kisha akachukua mitungi hiyo Ujerumani. Huko ndiko kulikoandikwa uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi alizozinasa, uliotungwa na Erich von Hornbostel na kuchapishwa mwaka 1909. Waimbaji hawakupata faida ya uchambuzi ule. Lakini katika kitabu cha Weule cha mwaka 1908 mmetajwa mwimbaji mmoja kipofu, Sulila, pamoja na picha yake. Zaidi ya miaka mia imepita. Wengi waliokuwa matajiri wa Masasi siku zile hawajulikani leo hata na wajukuu wao. Sulila, aliyeimba pasipo kuuza kitu, anaweza kutajwa darasani. Kilichomhifadhi hakikuwa malipo. Mtu mmoja aliandika jina lake kando ya wimbo wake.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba Nachingwea yenyewe ina mfano wa kinyume. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwapo hapo kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na nyimbo zilizoimbwa na wapiganaji zilivuka Mto Ruvuma bila ya majina ya watungaji, na hapana aliyelalamika. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake husaidia kuonyesha mpaka wa hoja. Mpiganaji alilitoa jina lake kwa makusudi: alitaka wimbo uwe wa jeshi zima, na kutotajwa kwake kulikuwa sehemu ya maana ya wimbo. Anayejivua jina kwa hiari anafanya kitendo cha sanaa. Mwanamuziki wa leo anayerekodi albamu kwa gharama yake, akaandika jina lake na la kijiji chake juu ya jalada, hakufanya kitendo hicho. Jina lake likipotea, limepotezwa na wengine.

Namna linavyopotezwa ni jambo la kuchunguzwa kwa karibu. Mara nyingi albamu haipakuliwi na msikilizaji mwenyewe, kwa kuwa bando ni ghali na mtandao si wa kutegemewa kila mahali. Hupakuliwa na kijana mwenye kompyuta katika kibanda cha kurushia nyimbo, kisha hurushwa katika kadi za simu za wateja kwa malipo madogo. Mteja haombi albamu. Huomba singeli, au kwaya, au taarabu, au muziki wa dansi, na kadi hujazwa mamia ya nyimbo kwa pamoja. Nyimbo hizo aghalabu zimekwisha kupita katika tovuti moja au mbili, na tovuti nyingine zina mazoea ya kuandika jina la tovuti mahali pa jina la mwimbaji, au hata kupachika sauti ya kujitangaza katikati ya wimbo. Kutoka hapo wimbo huingia katika spika ya bodaboda, katika baa na katika sherehe. Msimu wa korosho ukifika na fedha zikiingia mikononi mwa watu, spika huongezeka, na mwanamuziki asiyevuma huenda akasikika katika nusu ya wilaya. Lakini anayetaka kumwalika aje kuimba harusini hamjui ni nani. Kwa hiyo amevuma pasipo kujulikana, na kuvuma kwa namna hiyo hakumfai kitu.

Kwa mhakiki hasara ni kubwa zaidi, maana albamu ikisambaratishwa hivyo hupoteza mambo matatu kwa mpigo: jina la mtungaji, mpangilio wa nyimbo, na maelezo ya nani alipiga ala gani. Pasipo jina, haiwezekani kulinganisha kazi ya kwanza ya mtu na ya pili, wala kusema amekua au amedumaa. Pasipo mpangilio, albamu si albamu tena. Ni kama utenzi uliokatwa beti zake zikatawanywa katika magazeti mbalimbali. Pasipo maelezo, sifa ya mpiga gitaa humwendea mwimbaji. Uhakiki wa kazi ya namna hiyo hauwezekani, na pasipo uhakiki mwanamuziki asiyevuma hana njia nyingine ya kutoka gizani isipokuwa bahati.

Muziki wa singeli unatoa mfano ulio wazi. Ulikulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukitoka katika mchiriku na muziki wa mitaani, na kwa muda mrefu ulienea kwa kurushiana nyimbo na kwa sherehe za usiku, pasipo kampuni kubwa na pasipo redio kuujali. Wasomi wengi waliudharau, na kwa kiasi gani dharau hiyo ilitokana na wimbo wenyewe, na kwa kiasi gani ilitokana na hali ya kuusikia vipande vipande kutoka spika mbovu, halikuulizwa. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotoka katika studio ya Sisso huko Mburahati, majina ya watungaji yakiwa yameorodheshwa wimbo kwa wimbo. Nyimbo hazikubadilika tabia: kasi ilikuwa ile ile ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na vinanda vilikuwa vile vile vya kompyuta. Kilichobadilika ni kwamba msikilizaji aliweza sasa kumtofautisha huyu na yule, na baada ya muda mfupi wahakiki wa nchi za mbali walikuwa wakijadili mitindo ya watu binafsi. Jay Mitta alipotoa albamu yake mwaka 2019 aliiita Tatizo Pesa. Katika kadi ya nyimbo mia tano maneno hayo mawili ni anwani tu. Juu ya albamu nzima, ambayo sehemu yake kubwa ni ala, yanakuwa dai linaloongoza sikio, na ile kasi inasikika kama mahangaiko ya mtu anayekimbizana na riziki. Maana hiyo haimo katika wimbo mmoja mmoja. Imo katika mkusanyo, na anayeuvunja mkusanyo ameivunja maana.

Watu wa mahali pengine wamekwisha kukabiliana na jambo hili, na mifano yao inafaa kusomwa kusini. Huko Kidal, kaskazini mwa Mali, Christopher Kirkley alikusanya nyimbo zilizokuwa zikirushwa kutoka simu moja hadi nyingine, nyingi zikiwa hazina majina. Kabla ya kuzitoa katika sahani mwanzoni mwa miaka ya 2010 alifanya kazi ya kuwatafuta watungaji, ili watajwe na wapate sehemu ya mapato. Mmarekani mwingine, Brian Shimkovitz, alinunua Cape Coast nchini Ghana mwaka 2002 kanda ya Ata Kak iitwayo Obaa Sima, iliyotolewa mwaka 1994 bila ya mafanikio, na tangu mwaka 2006 akawawezesha watu kuipakua bure. Kanda iliyoshindwa kujiuza ilipendwa katika nchi nyingi mara ilipotolewa bure, na baada ya msako wa miaka mingi mwenyewe alipatikana, ikatolewa upya kwa haki mwaka 2015. Karibu zaidi na kwetu, mradi wa Singing Wells ulioanza mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla ya London umerekodi vikundi vya asili vya Afrika Mashariki vijijini mwao, na kuziweka rekodi hadharani pamoja na majina ya vikundi na mahali vilipo. Mifano hii mitatu inatofautiana kwa mengi, lakini inakubaliana kwa moja: bure haikuharibu kitu pale jina lilipotafutwa au lilipotunzwa.

Itasemwa kwamba jina halipikwi likaliwa. Ni kweli, na mwanamuziki wa Ruangwa ana haki ya kula kwa jasho lake. Lakini malipo hayawezi kumtangulia mlipwaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoiweka COSOTA, inatambua haki ya mtungaji ya kutajwa pamoja na haki yake ya kulipwa, na haki ya pili haina pa kushika ikiwa ya kwanza imekatwa. Wakulima wa wilaya hizi wanalielewa jambo hili kuliko wanasheria. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie katika biashara ya korosho mwaka 2007, mkulima anajua kwamba gunia likishaingia ghalani haliwezi kutambulika kwa macho. Kinachomrudishia fedha ni karatasi yenye jina lake na uzito wa mzigo wake. Wimbo uliorushwa katika kadi ni korosho iliyoingia ghalani pasipo stakabadhi. Yawezekana umeliwa na watu elfu, na mwenyewe hana cha kuonyesha.

Hata hivyo mhakiki asije akakimbia dharau akaangukia huruma. Albamu haiwi njema kwa sababu mtungaji wake ni maskini au hajulikani. Wanamuziki wanaojitegemea wana makosa yao, na mengi yanatokana na hali yao yenyewe: hapana wa kuwaambia wimbo upunguzwe, kwa hiyo huwa mrefu, studio ni moja, kwa hiyo midundo hufanana, na hamu ya kuvuma huwafanya waige sauti za waliovuma, hata mtu wa Nachingwea akaimba kwa lafudhi ya mtaa ambao hajaukanyaga. Makosa hayo yatajwe waziwazi, kama yanavyotajwa kwa mashairi. Kadhalika zitajwe fadhila ambazo hazipatikani kwa wanaouza: uhuru wa kuimba jambo lisilo na wateja wengi, kutumia neno la Kimwera pale ambapo Kiswahili hakitoshi, na kukataa kumaliza wimbo kwa namna inayotazamiwa. Kumhukumu mtu kwa haki ni namna ya kumtunza.

Kwa hiyo methali iliyotajwa mwanzoni haina budi kuwekewa mpaka. Sokoni mnunuzi huiona bidhaa na muuzaji wake kwa pamoja, na ndiyo maana kizuri huweza kujiuza. Mahali ambapo mtungaji ameondolewa kazini mwake, kizuri na kibaya hujitembeza kwa pamoja, na hapana awezaye kuamua. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa fasihi na muziki si ya gharama. Ni kuipakua albamu kutoka mahali alipoiweka mtungaji mwenyewe, kuisikiliza kwa mpangilio wake, kuandika jina, kijiji na mwaka, na kutoa hukumu iliyo na sababu. Weule alipita Masasi mara moja tu akiwa na mitungi ya nta, na bado Sulila hajasahauliwa. Wenye simu mkononi kila siku hawana udhuru wa kumsahau aimbaye leo.