Spishi iliyojificha tumboni mwa inzi-mawe

Kwa miongo kadhaa, takriban kila inzi-mawe wa familia ya Perlidae aliyekamatwa kwenye kijito cha milimani katika Afrika ya tropiki aliandikiwa jina lile lile: *Neoperla spio*. Jina hilo ni la 1839. Mwaka 1952 Hynes, mtaalamu wa wadudu wa majini kutoka Uingereza, aliyakunja majina mengine ya bara hili chini yake, akiwahesabu wote kuwa spishi moja yenye sura nyingi.

Siwezi kumlaumu. Mdudu mpevu ana rangi ya kahawia au manjano iliyofifia, mabawa manne yaliyolala bapa mgongoni na mikia miwili. Ukubwa hutofautiana hata ndani ya kijito kimoja, na rangi hufifia ndani ya pombe. Anayetazama nje tu hana pa kushika.

Kazi ya kuwatenganisha huanza usiku. Taa huwashwa mbele ya shuka jeupe kando ya maji yaendayo kasi, na wapevu huja wenyewe. Uchaguzi wa kwanza wa kitaalamu ni wa pombe. Ethanoli ya asilimia 95 huhifadhi vizuri DNA lakini hukakamaza mwili. Ya asilimia 70 hadi 80 huacha viungo laini ila DNA huchakaa mapema. Njia nzuri ni kukata mguu mmoja na kuutia kwenye ethanoli kali, na mwili uliobaki kwenye ile hafifu.

Kisha huja hatua inayoamua kila kitu. Uume wa dume umekunjwa ndani ya tumbo kama mkono wa shati uliopinduliwa. Ncha ya tumbo hukatwa na kulowekwa katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wenye uvuguvugu, misuli ikayeyuka na kitini ikabaki. Chini ya hadubini, kwa koleo lenye ncha kali, mrija huvutwa nje polepole mpaka kifuko cha mwisho kifunuke chote. Juu ya kifuko hicho kuna vijimiba: vingine vimepangwa kwa safu, vingine kwa mabaka, vingine vimejipinda kuelekea upande mmoja. Mpangilio huo ndio unaoitenga spishi na jirani yake. Ukiharakisha, kifuko hupasuka. Ukikichelewesha kwenye dawa, huwa angavu mno hata miba isionekane. Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kiungo kilichotoka nusu: kikichorwa hivyo, huonekana kama umbo jipya kabisa, na jina jipya huzaliwa bila mdudu mpya.

Jike hasomwi kwa njia hiyo. Kwake hutazamwa yai, lisilofika hata nusu milimita, ambalo ganda lake lina mifuo, vishimo na kishikizo cha kulinasisha. Hadubini ya elektroni huonyesha hayo yote. Lakini ni jike yupi wa dume yupi, ikiwa spishi kadhaa zimetua kwenye shuka moja? Hapo ndipo mguu ule unapohitajika: kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 husomwa, na dume na jike wanaolingana huwekwa pamoja.

Jina halisimami kwa michoro pekee. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, inadai kielelezo kinachobeba jina kitajwe, pamoja na mkusanyo kinakohifadhiwa. Atakayetilia shaka miba hiyo kesho ataweza kwenda kuitazama mwenyewe.

Kwa kuunganisha maumbile na DNA, Peter Zwick na Andreas Zwick walichapisha mwaka 2023 mapitio ya *Neoperla* wa Afrika, na ile "spishi moja" ikagawanyika kuwa nyingi, zikiwemo mpya kwa sayansi.

Kilichobaki ni kigumu zaidi. Wapima maji ya mito hawakusanyi wapevu. Huinua mawe na kuokota tunutu wenye mashada ya matamvua kifuani. Katika mfumo wa SASS5 wa Afrika Kusini, familia nzima ya Perlidae hupewa alama 12 kwa kuwa haivumilii uchafuzi. Alama hiyo haisemi kama spishi mbili za kijito kimoja zinahimili joto au tope kwa kiwango sawa. Ili kulijua hilo, kila tunutu lazima aunganishwe na mpevu wake, ama kwa kumlea mpaka atoke majini, ama kwa zile herufi 658.